Aliyekaa Kizingitini

Komeo la mlango lililia kidogo, alfajiri, bado hakujapambazuka. Nikajua mume wangu Abbasi anaondoka.

— Unakwenda wapi?

— Bungu, kwa kaka. Talaka utaletewa.

Mwezi ulikuwa umepita tangu mamba amchukue mwanetu Miraji pale mtoni tunapoteka maji. Wigo wa miti unaotukinga ulikuwa na pengo. Abbasi alikuwa mkata boriti za mikoko, na kila nilipomkumbusha lile pengo alisema kesho. Siku ya matanga nikamwambia mbele ya watu:

— Boriti za matajiri umekata, za mwanao zimekushinda.

Tangu hapo hakuniita Mama Miraji tena. Hakuniita kitu.

Alifungua mlango, asitoke. Kizingitini alikuwa ameketi Bi Rakeli, chini kabisa, kikapu mapajani. Huyu alikuwa Myahudi, mke wa mnunuzi wa magome ya mikoko. Yeye na mumewe walikimbia Ulaya wakati wa vita vya Hitla. Jirani yangu Fatu ndiye aliyemwona Abbasi akifunga mzigo jana yake, akaenda kumwambia bibi huyu.

Abbasi akamwamkia. Bibi akainamisha kichwa tu. Mwanamume hawezi kumruka mgeni, basi akasimama pale na mzigo wake begani.

Fatu akachungulia kutoka uani.

— Mzungu kapatwa na nini leo? Kameza ulimi?

Nikaenda kumchotea mgeni maji ya kunywa. Mtungi ulikuwa umejaa hadi mdomoni, na mimi sikuwa nimeteka tangu juzi.

— Nani kateka maji?

Abbasi akatazama chini.

— Mimi.

— Gizani? Pale pale?

— Sikutaka uende wewe.

Mzigo ukamtoka begani. Akaketi, akalia kama sikuwahi kumwona akilia, hata kwenye matanga. Akasema kila usiku anaota anaziba lile pengo, na kila akiamka liko wazi. Nikamshika mkono. Ulikuwa baridi.

Hapo ndipo Bi Rakeli alipofungua kinywa. Alituambia kwao anayekwenda kwa mfiwa hukaa chini, hasemi mpaka mfiwa aseme. Akatoa mayai ya kuchemsha kikapuni, chakula cha msiba cha kwao, akatumenyea mwenyewe. Tulipomaliza akauliza:

— Kesho mtoto wa nani atakwenda kuteka maji pale?

Abbasi akainuka, akachukua shoka badala ya mzigo.

— Mama Miraji, njoo unishikie boriti.

Tulifanya kazi hadi jua likazama. Bi Rakeli alisokota kamba, vidole vikamchubuka. Miraji hakurudi. Lakini jioni ile watoto wa Fatu waliteka maji wakarudi nyumbani, na usiku ule komeo lilifungwa kwa ndani.

Ijumaa jioni Abbasi akaniuliza, huyu bibi naye alipofiwa na watu wake vitani, nani alikwenda kukaa naye? Tukaenda. Taa mbili ndogo, za usiku wa Sabato yao, zilikuwa zinawaka mezani. Tukaketi chini, kimya.

Mwishowe akaanza kutaja majina. Mama yake. Dada zake. Mtoto wake wa kwanza. Hakulijua kaburi la hata mmoja wao.

Tulipoinuka kuaga, alinishika ncha ya kanga.

— Mje tena, Mama Miraji. Bado sijawataja wote.