Anayesikia Kinu Amealikwa

Jua lilikuwa limezama nyuma ya mlima, nami nimechuchumaa mbele ya hema kubwa, natwanga kahawa kwa hasira.

Nasema kwa hasira kwa sababu sina tena cha kuficha. Jioni ile ya Novemba tulikuwa na watalii ishirini na wawili. Walikuwa wameshapanda ngamia, wameshapiga picha za machweo, na sasa walilala chali kwenye mazulia juu ya mchanga wakisubiri chakula. Nyama na wali tulikuwa tumevifukia shimoni na makaa tangu alasiri. Kazi yangu ilikuwa kahawa. Kazi ya mdogo wangu Sabbah ilikuwa nyota.

Na nyota zilikuwa zangu.

Mimi ndiye niliyemfundisha. Alikuwa na miaka sita, tunalala nje na mbuzi, nami nakishika kidole chake na kukielekeza juu: hiki Kilimia, ile Suheli, ile inayopepesa kama jicho la mlevi usiifuate, itakupoteza. Miaka kumi na miwili nilisimama mbele ya wageni pale kambini kwa ami yetu Awwad, nikiwasomea anga. Kisha Sabbah akaokota Kiingereza na Kifaransa kwa wageni haohao. Akanunua tochi inayorusha mshale wa kijani hadi mbinguni. Ami akanivuta pembeni, akaniambia kwa upole kwamba mkono wangu unafaa zaidi kwenye dele la kahawa.

Nikasema sawa. Hata nikatabasamu. Lakini tangu siku ile makofi yote aliyopigiwa Sabbah yalinitua usoni.

"Baba Nuf," aliniita jioni ile akipita na tochi yake, "twanga taratibu. Hiyo ni kahawa, si adui."

Watalii wawili wakacheka bila kuelewa. Nuf ni binti yangu, ndiye mwanangu wa pekee. Sabbah yeye, pamoja na miaka minane ya ndoa, bado alikuwa Sabbah tu, hakuna aliyemwita baba wa mtu. Nilikuwa na hilo la kujivunia mbele yake, na sikuliona. Macho yangu yalikuwa kwenye tochi.

Kwetu kinu cha kahawa hakitwangwi kimyakimya. Kina mapigo yake, na sauti yake huachwa iende mbali jangwani kwa makusudi. Anayesikia kinu amealikwa. Hapigi hodi, haulizwi maswali mengi. Anakuja anakaa.

Nyuma yangu Sabbah akasema kitu, watu wakacheka, kisha makofi. Nikashusha mchi.

Nikajikuta nanong'ona kwa mapigo.

Zi-si-mto-kee.

Nyota zisimtokee. Pigo. Zisimtokee. Pigo. Akaze macho hadi yatoke, na zisimtokee. Mungu anisamehe, maneno hayo yalikuwa matamu mdomoni.

Ngamia wakasimama.

Wote saba, kwa pamoja, bila mtu kuwagusa. Wakasimama kimya, wakiangalia upande wa jabali, ambako hakuna njia wala mlango wa bonde. Kisha nikasikia harufu… ya majivu yaliyomwagiwa maji. Nikaangalia moto wangu. Ulikuwa unawaka vizuri.

Nilipoinua uso, alikuwa ameshakaa.

Mzee, au labda si mzee. Amejifunika joho la ngozi ya kondoo, kilemba kimeshuka hadi kwenye nyusi. Nilidhani amekuja na gari la kambi nyingine. Watalii walimtupia jicho mara moja na kutabasamu, wakidhani ni sehemu ya onyesho. Yeye hakuwatazama. Aliipa anga mgongo, akanitazama mimi.

"Karibu," nikasema. "Nani mwenzangu?"

"Mgeni," akanong'ona.

Baadaye sana ndipo nilipolikumbuka jibu lile. Kwetu asiyetaka kutaja ukoo wake husema, "Mgeni wa Mungu." Yule alisema mgeni tu.

Nikamimina. Kikombe cha kwanza nikanywa mwenyewe, kama desturi, ajue hakina sumu. Cha pili nikampa. Akakipokea kwa mkono wa kulia, akakishika kidogo… akakiweka chini mchangani. Hakukigusa tena.

Moyo ukanidunda kwa furaha. Miaka yote ile watalii walikuwa wakionja kahawa yangu, wakikunja uso, wakiniomba sukari. Hakuna aliyejua. Mgeni akiweka kikombe chini bila kunywa, maana yake ana haja, na hatakunywa mpaka apewe. Mwenye dele hujibu kwa neno moja, kabla hajajua haja yenyewe ni ipi. Neno hilo likishatoka halirudi.

Marehemu baba yangu asingelitamka kwa mtu asiyemjua babu yake. Alikuwa akituonya mimi na Sabbah kila mara. Lakini mtu aliyekaa muda mrefu bila kutazamwa akipata wa kumtazama, anasahau hata jina la baba yake. Hatimaye mmoja alikuwa amekuja kwa ajili yangu, na nyota za Sabbah amezipa kisogo.

"Kunywa kahawa yako," nikasema. "Haja yako imekubaliwa."

Akanywa. Mkupuo mmoja, kahawa ya moto namna ile, na koo lake halikusogea.

"Haja gani, ewe mgeni?"

Akainama karibu. Harufu ya majivu mabichi ikanijaa puani.

"Ileile," akanong'ona, "unayoitwanga tangu magharibi."

Nyuma yangu sauti ya Sabbah ilikuwa inasema Kilimia kinachomoza pale, hesabuni wenyewe, wenye macho makali huona saba…

Ikakatika.

"Kaka," akaniita, kwa lugha yetu, polepole. "Nani amezima nyota?"

Nikageuka. Anga ilikuwa imejaa, hakuna wingu. Mshale wa kijani ulikuwa ukitangatanga juu kama fimbo ya kipofu. Watalii wakadhani ni mzaha. Wakapiga makofi.

Nilipomgeukia mgeni, hapakuwa na mtu. Kikombe kilikuwa kimesimama mchangani peke yake. Mgeni aliyetosheka hukitikisa kikombe mkononi kabla ya kukirudisha, ndipo mwenyeji ajue kuacha kumimina. Yule hakutikisa.

Hakuwa ametosheka.

Daktari wa mjini Akaba alimpima Sabbah macho akasema ni mazima. Nayo yalikuwa mazima kweli. Mwezi aliuona. Taa za ndege aliziona zikipita. Sindano ilianguka mchangani akaiokota. Nyota tu ndizo zilizokataa. Kila jioni alinyanyua uso wake na kukuta, alivyoniambia, kama chungu kilichofunikwa.

Wiki kadhaa aliendelea kwa kumbukumbu. Alikuwa akionyesha Kilimia mahali ambapo hapakuwa na chochote, na watalii wakisema aah. Makofi yaleyale. Unajua, hata hapo roho haikunitulia? Nilikuwa nimemnyang'anya nyota na bado walikuwa wanampigia makofi. Mpaka alipokuja mama mmoja mtu mzima, mwalimu huko kwao, akainua mkono na kusema samahani, pale hakuna nyota. Kesho yake ami Awwad akanipa mimi tochi. Sabbah akapewa dele.

Alikuja kwangu usiku huo, tukakaa mlangoni. Nuf alikuwa amemlalia mapajani, kama alivyozoea, na yeye anamchezea nywele.

"Kuna mtu amenionea kijicho," akasema. "Nikimjua sitamfanya kitu. Nitamwuliza tu kwa nini."

Nilikuwa na neno mdomoni. Wallahi nilikuwa nalo. Ningemwambia, ndugu yangu, ni mimi, na zaidi ya hilo, akija mtu wa joho la ngozi usimpe neno. Angenichukia, lakini angejua la kufanya.

"Yatapita," nikamwambia.

Akanyanyuka, akamlaza Nuf kifuani kwangu. Akasimama akatutazama, mimi na mtoto, kwa muda mrefu kidogo kuliko kawaida. Kisha akaenda nyumbani kwake, kwa mkewe, kwenye chumba kisicho na kelele.

Ikaingia Machi. Wageni walikuwa wengi, hewa safi, Suheli imetoka katikati ya milima miwili, na mimi niko juu ya mwamba na mshale wangu wa kijani. Nasema ukweli, nilikuwa na raha. Watu thelathini walikuwa wakifuata mkono wangu. Chini, mbele ya hema, Sabbah alikuwa anatwanga.

Alikuwa anatwanga vibaya. Kwa nguvu mno.

Upepo ukageuka, ukaniletea sauti ya kinu, na ndani ya kinu kulikuwa na mnong'ono. Silabi ya kwanza ilimezwa na mchi kila mara.

…simtokee. Pigo. …simtokee. Pigo.

Ngamia wakasimama.

Sikuhitaji kutazama, lakini nilitazama. Joho la ngozi ya kondoo lilikuwa pale, mbele ya moto. Mgongo kwa anga, uso kwa ndugu yangu. Kikombe kilikuwa kimewekwa chini mchangani.

"Sabbah," nikapiga kelele. "Usiseme!"

Watalii wote wakageuka. Sabbah akanyanyua uso, akanitazama moja kwa moja, kutoka kwenye mwanga hadi kwenye giza nilikokuwa.

Kisha midomo yake ikasogea. Maneno yale nayajua hata bila kuyasikia.

Mgeni akanywa.

Nilishuka mwamba ule sijui vipi, magoti yakichubuka. Nilipofika, Sabbah alikuwa peke yake na dele mkononi. Kikombe kilikuwa chini, kitupu.

"Amekwambia nini?"

"Mgeni wa watu amekunywa kahawa ameondoka," akasema. "Mbona umewaacha wageni mwambani, kaka? Ulikuwa unamjua?"

Hapo palikuwa na nafasi yangu ya pili. Watu wachache hupewa ya pili.

"Hapana," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa. Akaanza kupangusa vikombe.

Chakula kilifukuliwa, wageni wakala, tukawarudisha kijijini. Njia nzima nilitoa kichwa dirishani nikiwa naendesha. Kilimia, kipo. Suheli, ipo. Nilizihesabu kama mchungaji anavyohesabu mbuzi wakati wa kuwafungia. Zote zilikuwepo, hata zile ndogo. Nikacheka peke yangu ndani ya gari. Nikasema, laana imemkosa mlengwa.

Kila usiku Nuf hukimbilia taa za gari langu. Huwa halali mpaka nirudi.

Taa zikaangaza mlango. Ulikuwa wazi, hakuna mtu.

Nikashuka. Mke wangu, Hamda, akatoka, akaegemea kizingiti anatabasamu. Hakunitazama usoni. Alikuwa anatazama chini, karibu na mguu wangu.

"Mbebe basi," akasema. "Amekusubiri tangu magharibi."

Pindo la kanzu yangu lilikuwa limevutika. Limekunjamana mahali pamoja, kama lililoshikwa na ngumi ndogo. Nikatazama vizuri. Nikauona mchanga, nikaona viatu vyangu.

Silabi iliyomezwa na mchi ikanijia wakati huo, wazi kabisa. Haikuwa zi. Sabbah hakuzitaka nyota zangu.

A-si-mto-kee.

"Baba," ikasema sauti karibu na goti langu, "mbona unatazama kule? Mimi niko hapa."

Hiyo ni miezi minne iliyopita. Meno yake ya mbele yameshaota, mama yake ananiambia. Nasikia yanamkaa vizuri. Usiku namshika mkono mpaka alale, nao ni mkono wa mtoto, una joto, una vumbi la mchezo. Nikifungua macho nimeshika hewa.

Sabbah hupita kila jioni tukienda kambini. Husimama uani kwangu, huinama, hunyoosha mikono yake na kuinua juu, juu kabisa, kisicho kitu. Nami namsikia binti yangu akicheka kule juu. Sabbah anacheka naye, anamtazama, kisha ananitazama mimi.

Simwulizi kwa nini.