Mgeni Mbele ya Siwema

Ndani ya darubini ya picha, jiwe lilikuwa limekaa mbele ya Siwema badala ya kuwa nyuma yake. Othmani alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu matanga. Kosa lilikuwa lake. Picha pacha, mbili za kitu kimoja zilizopigwa kwa nafasi tofauti kidogo, hutaka ya kushoto itazamwe kwa jicho la kushoto na ya kulia kwa la kulia. Ukizibadilisha, cha nyuma huja mbele na uso hubonyea kama bakuli. Alizibandua, akazipanga upya nyuma ya kadi yenye madirisha mawili.

Alikuwa amempiga mkewe picha hizo kando ya mto, kule Ipogolo, mwaka huo wa 1956, kabla homa haijamchukua. Hakuwa na nyingine.

Akatazama tena kwa darubini. Siwema alirudi mzima, pua na mashavu yake. Jiwe lilirudi nyuma. Lakini kulikuwa na mtu mwingine, naye hakurudi. Mwanamke mrefu, nywele zikimchuruzika maji, alisimama upande huu wa madirisha ya kadi, nje ya picha. Chumba kikanuka tope.

Mwanakhamisi, dada wa marehemu, alichungulia mara moja tu, akaondoka kwenda kwa mganga. Alirudi na jibu: huyo ni jini wa mtoni, amemfuata Siwema, sasa anaitaka nyumba. Picha ichomwe kabla ya magharibi.

"Choma, shemeji," alinong'ona.

"Nikichoma, Siwema ataungua pia."

"Siwema tumemzika."

"Huyu hatujamzika. Simchomi mke wangu kwa sababu jini kakosa adabu."

"Mwalimu mzima unashindana na shetani kwa gundi?"

"Kwa gundi na mkasi."

Njia aliijua: picha mbili zikitenganishwa kidogo nyuma ya madirisha yale, vyote vilivyomo husogea ndani, mbali na anayetazama. Akalowesha gundi, akaanza kuzitenganisha taratibu, macho yakiwa kwenye darubini, na kila alipovuta yule mwanamke alirudi nyuma kidogo na harufu ya tope ikazidi, maji yakaanza kudondoka mezani ilhali dari ilikuwa kavu, pumzi ya baridi ikapenya kwenye vioo ikampiga machoni, vidole virefu vikatokeza na kung'ang'ania ukingo wa kadi, huku Mwanakhamisi akisoma Ayatul Kursi kwa sauti iliyokatikakatika, naye Othmani akavuta tena, akasema polepole, kama anayemtoa mtukutu darasani, kwamba nyumba hii ina mke mmoja, na anayetaka kukaa atakaa nyuma yake.

Vidole vikaachia.

Jini alikuwa ndani, karibu na jiwe, akijivuta atoke. Hakuweza. Siwema alikuwa amegeuka, amempa mumewe kisogo, na mkono wake umemkamata jini kifundo cha mkono. Uso ule ambao Othmani alikuwa ameuhangaikia haukuonekana tena.

"Ametoka?" Mwanakhamisi aliuliza.

"Yupo. Ila kashikwa."

Akazibandika picha palepale zilipofika, akazikandamiza kwa viganja vyote viwili mpaka gundi ikauka.