Vidonge vya Mama Daktari

Kila Jumamosi Jerop hutoka kwake Kimumu kwenda kijijini Chepsaita kumwona mama yake. Jumamosi hiyo alimkuta Mama amelala mchana kweupe, na ng'ombe hawajakamuliwa. Mama huyu si mtu wa kulala mchana. Jerop alishtuka.

"Ni homa tu," Mama alisema. "Leo ni siku ya sita. Lakini nimekunywa dawa."

"Dawa gani?"

Mama alivuta mkebe wa majani chai kutoka chini ya kitanda. Ulijaa vidonge vya rangi mbili, dawa zilizobakizwa na wagonjwa wa kijiji kizima. Kumbe Mama alikuwa akiwagawia majirani! Mwenye kikohozi, viwili. Mwenye kuhara, viwili. Nao walipokea bila wasiwasi, maana binti yake si ni daktari?

Jerop alikuwa daktari kweli, ila wa utafiti. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa amejifungia na bakteria katika maabara mjini Eldoret. Bakteria ni vijidudu visivyoonekana kwa macho, na yeye alitaka kujua kwa nini dawa zinashindwa kuviua. Watu wa nchi za mbali walisoma kazi yake. Nyumbani kwa mama yake haikuwa imefika. Jerop aliona aibu, kisha akapandwa na hasira.

"Amka, Mama. Twende hospitali."

"Wacha nimeze viwili kwanza."

"Humezi kitu. Twende!"

Mama alishindwa kusimama, ikabidi abebwe. Hospitalini walimtoa damu, wakaipeleka maabara ili bakteria wakue na wajulikane. Siku ya tatu jibu lilitoka. Mama alikuwa na homa ya matumbo, na vidonge vya rangi mbili havikuweza kuwaua bakteria wake. Wakati huo hata kikombe kilimshinda kushika. Jerop aliogopa kumpoteza. Daktari wa wodi akabadilisha dawa saa hiyo hiyo.

Homa ilishuka polepole. Mama alipopata nguvu za kubishana, aliuliza, "Sasa hao wadudu waliizoeaje dawa yangu?"

"Ndani ya kila bakteria kuna maagizo yanayoitwa jeni," Jerop alisema. "Wengine wana jeni za kuhimili dawa. Ukimeza viwili halafu uache, wanyonge wanakufa. Wagumu wanabaki, wanazaana. Tena wanapeana hizo jeni."

"Wanapeana? Kama sisi na mbegu ya mahindi?"

"Hivyo hivyo, Mama. Na kikohozi kingi hakiletwi na bakteria. Hiyo dawa haikisaidii hata kidogo. Ni lazima mtu apimwe kwanza."



"Basi kijiji chetu mimi ndiye nimekuwa nikikipandia mbegu hiyo," Mama alisema, na machozi yakamtoka.

Mama alimaliza dawa zote alizoandikiwa, hata siku alizojisikia mzima. Vile vidonge vya mkebeni Jerop alivipeleka hospitali vikaharibiwe.

Mwezi uliofuata jirani yao, Mzee Wilson, alifika akikohoa.

"Mama Daktari, nisaidie na viwili."

"Sina. Na hata ningekuwa navyo, singekupa." Mama alikuwa tayari anavaa viatu. "Twende dispensari ukapimwe."

"Ai, Mama! Ni mbali, na mimi ni mgonjwa."

"Mimi nilipelekwa nikiwa nimebebwa, Wilson. Wewe nenda ukiwa bado unatembea."