Dozi wa Nani?

Kompyuta ya wodi ya watoto iliitika kabla fundi hajabonyeza kitufe. Mwenye akili angeondoa mikono. Yeye akacheka.

Asubuhi nzima skripti yake, programu ya kupimia dawa aliyoiandika kwa Python, lugha ya kompyuta, ilikuwa imemgomea: hakuna moduli, yaani faili la hesabu, iitwayo dozi. Moduli ilikuwapo, imetulia kwenye folda ya duka la dawa. Ila skripti aliiendesha kutoka folda ya wodi, na Python haizururi, hutafuta pale ilipoelekezwa tu. Kuielekeza folda ya duka la dawa ilikuwa kazi ya mstari mmoja. Mvivu akaona tabu. Akaiandikia ipite diski nzima, kila pembe, imlete yeyote mwenye jina hilo.

Yeyote. Hata kuku haitwi hivyo na mtu aliyelelewa.

"Imekubali," alimwambia dada yake, muuguzi wa zamu. "Nitajie uzito wa mtoto."

Mtoto alikuwa wa mdogo wao, kabinti hakajaota hata jino, kanachemka kwa homa. Dada akautaja uzito, kioo cha kompyuta kikaandika matone ishirini. Muuguzi alikwishavuta dawa kwenye bomba la kunyweshea, ndipo akasikia harufu ya nywele zinazoungua. Mkono ukasimama.

"Kaka, wa umri huu hupewa mawili."

"Labda huo uzito..."

"Labda yako kaitafune. Umemwita nani humu?"

"Dozi."

"Dozi wa nani?"

Fundi akageukia kibodi. Akaandika mstari wa kuiuliza moduli inakaa wapi, na anwani ikaanza kujiandika, folda ndani ya folda ambazo hakuna mtu aliyeziunda, ikapita diski, ikapita wodi, ikapita kitanda cha dirishani, na feni ya kompyuta ikihema kama mtu aliyepandisha mlima na mzigo kichwani, na ile harufu ikiwakaba koo wote wawili, hadi anwani ikafika kwenye shuka, ikaingia kwenye jina la mtoto, ikakoma kifuani mwake.

"Mtoe," dada akanong'ona, meno yamekazana. "Mtoe, kabla sijakutoa wewe roho."

Akaufuta ule mwito wa ovyo. Akaandika njia ya duka la dawa peke yake, herufi kwa herufi. Akaendesha. Matone mawili. Akauliza tena makazi: duka la dawa. Harufu ikakatika.

Muuguzi akaimwaga sinkini dawa ya kwanza, akavuta upya, akampa mtoto. Mtoto akameza.

"Uvivu wako ungetuzikisha, mshenzi wewe."

"Nisamehe, dada."

"Mwambie mama yake, si mimi."

Mama mwenyewe ndiye aliyekuwa akiingia, kanga begani, macho mekundu kwa kukesha.

"Mwanangu," akaita, "umeamkaje?"

Kitandani, mtoto akalia. Chini ya kitanda, sauti ya mwanamke mzima ikaitika, "Abee, mama."