Kidonda Hakianikwi

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Chui alijitazama kwenye kioo cha saluni ya shangazi yake. Jina hilo alipewa na wenzake darasani, wala si kwa ukali, maana hata paka wa jirani hakumwogopa. Ni kwa madoa ya chunusi mashavuni. Aliishi na shangazi katika chumba cha nyuma ya saluni. Mchana kutwa shangazi alikuwa na wateja wa kupiga nao soga. Chui alikuwa na kioo.

Shangazi aliwapaka wateja dawa ya kuchubua ngozi kwa brashi ndogo, macho kwenye saa, kisha akaiosha upesi. Siku moja, shangazi alipotoka kununua vifaa, Chui alijipaka shavu moja. Akapaka tena juu yake, kama fundi anayemalizia ukuta. Shavu likawaka moto. Alipokimbilia bombani, ngozi ilikuwa imeshatoka.

Shangazi aliporudi, Chui alimwambia ameunguzwa na maji ya birika. Wakaenda zahanati na uongo huo wa moto moto. Muuguzi akasafisha kidonda, akakipaka mafuta ya mgando, akakifunika kwa kitambaa chepesi cha shashi na kumwonya Chui asiifungue.

"Usihofu, mwanangu," alisema. "Kitakauka."

Chui akalishika neno hilo kwa mikono miwili. Kama kupona ni kukauka, basi atakisaidia. Hakwenda shule. Jua lilipofika dirishani, alibandua shashi, akafuta mafuta yote na kulianika shavu kama soksi. Gaga likaota juu ya kidonda, akalibandua. Likaota jingine, gumu zaidi. Kila jioni aliirudisha shashi ile ile, shangazi asijue. Nje wanafunzi walipita wakicheka, na hakuna aliyeliita jina lake. Siku hizo hata lile la Chui alilitamani, maana anayetaniwa walau ameonekana.

Waliporudi zahanati, muuguzi alikitazama kidonda, kisha shashi.

"Safi namna hii? Ilikuwa shavuni au kabatini?"

Chui akainamisha kichwa. Muuguzi akasema kovu la kudumu halikuwa mbali, tena maji ya moto hayaunguzi kwa mistari ya brashi.

"Nikiutibu uongo wako, utapona uongo. Shavu litabaki hivi hivi."

Hapo machozi yakamtoka Chui. Akaeleza yote, kuanzia chupa ya dawa hadi dirishani. Muuguzi alijitahidi asicheke, akashindwa.

"Tukisema kidonda kimekauka, maana yake kimepona. Hatujasema kianikwe. Ngozi mpya hutambaa kwenye unyevu. Gaga gumu huizuia njia, na jua huiachia weusi."

Walipokaribia nyumbani, shangazi alisimama akamgeukia Chui. Kisha akasema, "Natazama nyuso za watu kutwa nzima. Wako sikuutazama."

Tangu siku hiyo chupa zilifungiwa kabatini, na shangazi mwenyewe ndiye aliyebadilisha shashi, wakizungumza mpaka wateja wakalalamika. Kidonda kikafunga, shavu likabaki na wekundu, kisha nao ukafifia. Chunusi za shavu la pili zilibaki palepale, zikingoja zamu yao ya dawa, ambayo haikufika.

Siku ya mwisho ya kufungua shashi, shangazi alimshika kidevu.

"Kidonda tunakifunika ili kipone," alisema. "Ukweli usiufunike. Ulipouficha, sote tulikuwa tunatibu birika."