Karibu na Kwetu

Hodi ilipigwa alasiri, nyumba nzima ikiwa imelala baada ya chakula. Metrine alikuwa jikoni akisugua sufuria ya wali, na kama mtu yeyote aliyelelewa Webuye, aliitikia bila kugeuka: "Karibu! Ingia tu."

Kisha mikono ikasimama ndani ya povu. Riyadh hii, nani hupiga hodi?

Alichungulia sebuleni. Hakukuwa na mtu. Runinga ilikuwa imeachwa kwenye picha ya nyumba ambayo Madam Hessa alitaka kuikodi likizo ya Julai, katika mji mkongwe wa Kinsale, huko Ayalandi. Vichochoro vyembamba, kuta za manjano na waridi, maua madirishani. Asubuhi Madam alikuwa amemwonyesha Metrine bibi kizee aliyesimama dirisha la juu la nyumba hiyo pichani, wakacheka. Sasa dirisha lilikuwa tupu, na zulia mbele ya runinga lilikuwa limelowa chapachapa.

Hakuogopa. Miaka miwili ya kulea watoto wa watu, huku mwanawe Lydia akijifunza kumwita nyanya yake mama, ilikuwa imemtia ganzi ya moyo. Alichotaka ni kimoja tu: Julai hiyo, familia ikienda kutalii, yeye aende nyumbani. Kafili wake, mume wa Madam, ambaye bila ruhusa yake hasafiri, alikuwa ameshakubali. Alichukua kitambaa akapangusa.

Lakini zulia lililowa tena kesho yake, na siku iliyofuata. Madam akaona ni uzembe. "Likilowa tena, mafi Kenya, hakuna kwenda. Halas!"

Walipokwenda Jeddah kumwona mama yake Madam, harufu ya udongo mbichi na moshi iliwafuata, ikakaa kiti cha nyuma kando ya Metrine, ikamsogelea kila Protus dereva alipokata kona, mpaka akahisi bega la baridi limeegemea lake na dera lake linalowa upande huo mmoja, na watoto, ambao hawanyamazi hata wakipewa peremende, wakanyamaza.

"Dadangu, hiyo kitu si ya kawaida," Protus alinong'ona walipobaki wawili. Akampeleka mtaa wa Ghulail, humo humo Jeddah, kwa Maalim Kombo, fundi cherehani wa Kizanzibari aliyejua kusomea watu.

"Nani alomkaribisha?" Maalim aliuliza.

"Ni mimi. Alipiga hodi kwa Kiswahili."

"Hao husema lugha ya alo karibu na mlango. Mwanangu, aloingia kwa karibu hatoki kwa kisomo. Msindikize mpaka kwao. Atakwambia neno. Usimjibu, hata asante."

Waliporudi Riyadh, Metrine alingoja alasiri, akawasha runinga, akaitafuta ile picha, kisha akaifuata ile harufu hadi chumba cha kufulia. "Mgeni, jua linakwenda," alisema kwa sauti ya chini. "Twende nikusindikize." Akatoka humo akipita ukumbini polepole kuelekea runinga, na nyuma yake nyayo zilizolowa zikapiga marumaru, chap, chap, zikisimama aliposimama, zikiharakisha alipoharakisha, pumzi ya moshi ikimgusa shingo, hadi baridi ikampita pajani, ikaingia kwenye kioo, na harufu ikakatika.

Zulia lilikuwa kavu. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka miwili kitu kilimchoma kifuani, naye akakitambua: furaha. Akilini alimwona Lydia akimkimbilia.

"Asante, Mama Lydia," sauti ikatoka nyuma ya kioo, ya upole kama ya jirani. "Karibu na kwetu."

"Haya, asante, nitakuja," Metrine akajibu.

Mazoea yana taabu. Alijiziba mdomo, lakini neno lilikuwa limeshavuka.

Jioni Madam alishuka ngazi na simu mkononi, uso umemchangamka. "Yalla, Metrine, habari njema! Nyumba tumeipata. Baba anakuombea viza uje nasi, watoto wamekuzoea. Kenya mwaka ujao, inshallah." Akaigeukia runinga. Dirishani bibi kizee alikuwa amerudi, na mlango wa chini, uliokuwa umefungwa siku zote, ulikuwa wazi.

"Tazama," Madam alicheka, "hata mlango wametufungulia."

Ganzi ilikuwa imeshamrudia, kuanzia vidoleni. "Sawa, Madam," Metrine alisema, akaenda kushusha masanduku.