Kikohozi cha Migombani

Haya nilisimuliwa na mama mkubwa Tabea, siku tulipokaa jikoni kwake Akheri tukimenya ndizi za harusi ya mwanawe wa mwisho. Ndizi zilikuwa nyingi, mikono imekuwa myeusi kwa utomvu, naye akaanza tu kusema bila kuulizwa. Yalitokea wakati wa Mwingereza, yeye akiwa msichana wa miaka kumi na miwili.

Kwao kulikuwa juu kidogo ya Nkoaranga. Baba yao alikuwa amekwisha kufariki kwa ugonjwa wa kifua. Nyumbani walibaki mama yao Aikaeli, kaka yao Kaanaeli, Tabea, na Ruth, mtoto wa miaka mitatu. Huyo Ruth ndiye aliyenizaa mimi.

Kila jioni Tabea akitoka shule aliteka maji mferejini, akamkatia ng'ombe majani, kisha akaingia migombani kuokota majani makavu ya kuwashia moto. Katikati ya migomba ndipo alipozikwa baba yao. Kaburi lilizungukwa na masale, ule mmea wa majani marefu tunaoupanda sisi Wameru mipakani na makaburini.

Jioni moja ukungu ulishuka kutoka mlimani mapema kuliko kawaida. Tabea alikuwa ameinama anaokota majani aliposikia mtu anakohoa. Alikohoa mara mbili fupi, halafu mara ya tatu akavuta kwa muda mrefu, kama kamba inayoburutwa kwenye changarawe.

Tabea alikijua kikohozi hicho. Kilikuwa cha baba.

Alitupa majani akakimbia mpaka jikoni. "Mama! Baba anakohoa kule migombani!"

Alidhani atapigwa kofi kwa kusema upuuzi. Lakini mama aliacha kukoroga chungu, akamtazama, akasema polepole, "Kumbe na wewe umemsikia?"

Basi hapo Tabea ndipo alipoogopa kweli.

Kesho yake mama alijaza maziwa kwenye kibuyu kidogo, akakiweka kaburini jua linapozama. Yeye aliyekuwa akikaa benchi la mbele kanisani! "Mchungaji asijue," alimwonya Tabea. Asubuhi walikwenda pamoja kutazama. Kibuyu kilikuwa kitupu, na kifuniko chake kimerudishwa vizuri mahali pake. Mama alikichukua, akakisuuza kwa maji ya baridi, akamtilia Ruth maziwa yake ya asubuhi humo humo. Ikawa hivyo siku nyingi.

Siku hizo Kaanaeli alikuwa anajiandaa kuhojiwa. Chama cha wakulima wa kahawa na serikali walitaka kumpeleka kijana mmoja Uingereza kusomea udaktari, na waliomaliza sekondari walikuwa wakigombea nafasi hiyo. Kaanaeli alikwenda Arusha, akalala huko, akahojiwa bomani, akarudi mbio mpaka jasho limelowesha kola ya shati.

"Mama, nimeipata! Kati ya wote wamenichagua mimi! Bado kupimwa afya tu."

Majirani walipiga vigelegele. Mama hakupiga. Usiku ule, walipobaki peke yao, alisema, "Huendi, mwanangu."

"Kwa nini, mama?"

"Baba yako hataki. Kila jioni yuko migombani anakohoa. Anakuita ubaki."

Tabea alimwangalia kaka yake, akitegemea acheke kama wasomi wanavyocheka mambo ya mizimu. Kaanaeli aliinamisha uso akatazama moto.

Habari haikufichika. Shuleni, Yoeli, mtoto wa jirani, alimngojea Tabea getini. "We Tabea, nasikia mzimu wenu umeshikwa na mafua! Mpelekeeni limau basi."

"Nyamaza, Yoeli."

"Au mvisheni sweta, huko chini baridi!"

Wenzake walicheka. Tabea hakulia mbele yao. Lakini alijiambia moyoni: kama ni baba, mimi ni mwanawe, hatanidhuru. Nitakwenda nimwone.

Alfajiri iliyofuata, kikohozi kilipoanza, alitoka peke yake. Ukungu ulikuwa mzito, migomba ikidondosha maji taratibu. Alipokaribia kaburi aliona mgongo wa mtu, na kwenye mgongo huo koti la kijivu la marehemu baba yake, lile lililokuwa likining'inia nyuma ya mlango tangu msiba. Mtu yule alikohoa, akatulia, kisha akaanza kunong'ona maneno, moja moja, kama anayekariri.

Yalikuwa maneno ya Kiingereza.

Tabea alishangaa kuliko alivyoogopa. Baba hakujua Kiingereza hata cha kuombea maji!

"Kaka?" aliita.

Mtu aligeuka. Alikuwa Kaanaeli, kibuyu mkononi, maziwa bado midomoni.

"Usipige kelele," alisema. "Nilijua tu ni wewe unayeniwekea haya maziwa. Ahsante, mdogo wangu."

"Si mimi. Ni mama. Anamwekea baba."

Kaanaeli alikitazama kile kibuyu, akakiweka chini kama kinachochoma.

Ndipo akamweleza. Kifua kilimbana tangu masika. Alikuja kukohoa huku, na kujizoeza Kiingereza cha huko aendako, ili nyumbani wasisikie, kwa kuwa mgonjwa wa kifua hapelekwi Uingereza. Alitoa mfukoni kikopo kidogo cha bati. "Leo napeleka makohozi yangu hospitali ya Nkoaranga. Kifua chako kizima, Tabea. Kohoa humu kwa niaba yangu. Nikifika kule watanitibu, nitarudi daktari, nitawatibu wote."

Tabea alimpenda kaka yake. Alikohoa, akatema. Kaanaeli akafunga kikopo akaondoka.

Tabea alipita kwanza mferejini kuteka maji, kisha akarudi nyumbani na kumkuta Ruth amekaa jikoni. Mtoto alikohoa mara mbili fupi, halafu akavuta. Kibuyu kile kidogo, kile kile alichonywea Kaanaeli, kilikuwa miguuni pake, mama amekwisha kukileta na kukisuuza.

Tabea alitoka mbio. Njia ya kushukia Nkoaranga ni ya mteremko mkali, na umande ulikuwa haujakauka. Alianguka, akainuka, goti likitoka damu. Alifika barazani pa hospitali wakati Nesi Hedwiga, aliyewajua tangu ugonjwa wa baba yao, anakipokea kile kikopo.

"Shikamoo nesi," alisema akihema. "Hayo si makohozi ya kaka. Ni yangu."

Wagonjwa wote kwenye foleni waligeuka. Kaanaeli alifumba macho.

Nesi Hedwiga hakupaza sauti. Alikiweka kikopo kando, akachukua kingine kipya. "Marahaba, Tabea. Kaanaeli, kuugua hakukuharibii jina. Lakini daktari gani ataanza kazi kwa kudanganya kipimo? Nyumbani kuna mtu mwingine anayekohoa?"

Kaanaeli alitikisa kichwa kukataa. Tabea akasema, "Ruth anakohoa."

Kaanaeli alikaa chini pale pale barazani, kikopo kipya mkononi. Kisha akakohoa humo mwenyewe, watu wote wakisikia.

Majibu yalikuwa yale aliyoyaogopa. Nafasi ya Uingereza alipewa kijana mwingine. Kaanaeli alitakiwa kwenda hospitali ya vifua Kibong'oto, na Ruth akaanzishiwa sindano mapema, akawa akiona gauni jeupe tu anapiga kelele.

Siku tatu Kaanaeli hakuzungumza na Tabea. Siku ya nne Tabea alichuma jani la sale, akalifunga fundo, akampelekea kwa mikono miwili. Kwetu, ukiletewa sale lililofungwa, unaombwa msamaha, wala hukatai.

Kaanaeli alilitazama jani lile. Halafu alisimama, akaenda kaburini, akachuma la kwake, akalifunga, akaja akapiga goti mbele ya mdogo wake.

"Nilikutuma uongo," alisema. "Pokea hili langu kwanza."

Alikaa Kibong'oto zaidi ya mwaka. Alirudi amenenepa, akaomba tena nafasi ya masomo. Bomani walipomuuliza kama amewahi kuugua, aliwasimulia yote, kikopo na kila kitu. Wakatazamana. Walimpa.

Usiku wa mwisho kabla hajasafiri, Kaanaeli na Ruth walilala mapema. Mama alikaa mlangoni, ameelekeza uso migombani.

"Unasikiliza nini, mama?" Tabea aliuliza. "Hakuna anayekohoa."

"Hicho ndicho ninachokisikiliza." Mama alijifunika khanga vizuri. "Baba yenu naye alikuwa akienda pale pale kukohoa, ili tusisikie. Kwa hiyo niliposikia, sikumfikiria mwingine. Angesema mapema, labda angekuwepo leo kumuaga mwanawe. Nimemwambia kaka yako, na wewe shika. Ukiumwa, sema. Ukikosea, sema. Usitafute migomba ya kujifichia."

"Ndiyo, mama."

Kisha mama akasema kwa sauti ndogo, "Ila ile siku Kaanaeli alipolala Arusha, nilipeleka maziwa vilevile. Asubuhi kibuyu kilikuwa kitupu, na kifuniko kimerudishwa."

Tabea alimsogelea. "Labda ni paka, mama."

"Labda," mama alisema. Alifunga mlango, akalala, na punde akaanza kukoroma.

Tabea alibaki macho, akisikiliza. Maji yalidondoka kutoka majani ya migomba, tone baada ya tone. Kaka alipumua sawasawa upande wa pili wa ukuta, na Ruth kitandani kando ya Tabea. Alizihesabu pumzi zao, akapotewa na hesabu, akalala.